Figo ya Kushoto na Posa ya Uru

Walimu wenzangu, tangu nimerudi kila mmoja ananivuta pembeni kwa wakati wake. Mmoja kwenye chai, mwingine koridoni, mwingine kanifuata mpaka gengeni ninapochagua nyanya. Wote swali moja: "Ade, ilikuwaje huko Moshi?" Nimechoka kusimulia vipande vipande. Halafu nimegundua Kasto naye anasimulia huko vijiweni kwake, na kila akisimulia yeye ndiye shujaa. Basi naandika mara moja. Mkishasoma msiniulize tena, na msimuulize Kasto.

Kwa wageni wa ofisi yetu ambao hawanijui: mimi ni Mchagga wa Kibosho, nafundisha hapa Mbinga, nimeolewa na Mmatengo anayeitwa Kasto. Ugonjwa wangu unaitwa endometriosisi. Nyama inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba inaota mahali isipotakiwa, na kila mwezi inavuja damu hukohuko iliko na kuacha makovu. Yangu ilienda kuota kwenye mrija unaoshusha mkojo kutoka figo ya kushoto, ikaukaba. Figo ikabaki inatengeneza mkojo usio na pa kwenda. Ikavimba kimyakimya, na mimi miaka yote hiyo natibiwa UTI. Nimemeza dawa za UTI mpaka muuza duka la dawa akiniona tu mlangoni anainuka kuzichukua. Maumivu ya mwezi niliambiwa yataisha nikizaa. Sikuzaa, na hayakuisha.

Daktari wa Songea aliyeipiga picha hakuzunguka. "Figo hii kama haijafa, inakaribia kufa. Kuna bingwa Moshi. Akiwahi kuitoboa na kuutoa huo mkojo inaweza kuamka. Ukichelewa, atakachofanya ni kuing'oa."

Hiyo ndiyo safari yenyewe. Sikuwa naenda kula Krismasi. Lakini hebu mwambie Mtanzania yeyote kwamba Mchagga amepewa rufaa ya kwenda Moshi katikati ya Desemba! Mkuu wetu wa shule, na naandika haya nikijua atasoma, alicheka mpaka akavua miwani. "Madamu, kuna Mchagga mwenzako hapa alifiwa na bibi yake Desemba. Mwaka uliofuata bibi yuleyule akafa tena." Nikamwambia aje basi anisindikize ashuhudie kwa macho yake. Akasema angependa sana, maana anasikia sifa za kisusio, ile supu yetu ya damu ya mbuzi, na hajawahi kuionja.

Songea mpaka Chalinze: mimba ya basi zima

Basi la Arusha wiki ile lilijaa watu wa kwetu watupu. Wenye maduka ya vipuri wa Songea, wenye hoteli wa Njombe, wauza nguo wa Makambako, wote wanapanda mlimani kwa wazazi, na kila mmoja ana televisheni mpya. Kwa nini televisheni, sijui mpaka leo. Ng'ambo ya kiti chetu alikaa mama mmoja wa Marangu, mnene, mchangamfu, amepakata ya kwake imefungwa khanga.

Njombe hatujafika, haja ndogo ikanibana. Ndivyo nilivyokuwa: inabana, ukienda yanatoka matone na moto. Kondakta akasema kuchimba dawa ni Makambako. Nikamwambia Makambako ni mbali. Akasema basi lina ratiba. Mnanijua. Nikasimama nikamwambia mbele ya abiria wote kwamba asiposimamisha gari nitachimba dawa palepale kwenye ngazi zake. Gari likasimama. Likasimama tena mbele kidogo, na tena, mpaka ikawa kondakta mwenyewe ananifuata kwa upole: "Madamu, hapa panafaa au tusogee?"

Mama wa Marangu alikuwa akishuka nami kila mara, ananizungushia khanga, huku ananitazama tumbo. Tulipopita Iringa akawatangazia watu: "Huyu ana mimba. Mimba changa ndiyo inayosumbua hivi." Hakuna aliyeniuliza mwenyewe. Nikahamishiwa kiti cha mbele kabisa, nikaletewa ndimu, udongo wa kula na mfuko wa ubuyu. Nikigeuka nyuma namwona Kasto anapewa mikono na wanaume, na badala ya kukanusha anasema asante.

Chalinze, tunakula chipsi na kuku mgumu ajabu, nikambana. "Wewe, kwa nini husemi ni figo?"

"Nimesema! Yule mzee wa vipuri kanijibu kwamba mimba changa huuma mpaka kwenye figo."

Nilicheka mpaka kuku akanikwama. Halafu tuliporudi garini nikageukia dirisha nikalia. Miaka yote ya ndoa yetu nimetamani mtu anipishe kiti kwa sababu ile, na siku nimepishwa, ni kwa figo inayooza. Iliniuma sana, sitawaficha.

Same: kwenye mnada usiokuwepo

Yule bingwa wa Moshi nitamwita Daktari Prisko. Tulishaongea kwa simu kabla sijatoka Songea. Aliniambia nifike kabla ya mchana wa siku ya pili ya safari, anitoboe, ndipo apande kwao kwa sikukuu. Muda ulikuwa unatosha kabisa.

Tulisafiri usiku kucha, na asubuhi, mbele kidogo ya Same, tairi likapasuka. La akiba lilikuwepo, ila lilikuwa chini ya mizigo, na mizigo ilikuwa televisheni. Zikashushwa zote, moja moja, kila mwenye yake akisimamia na kugombana na wabebaji. Zikapangwa pembeni mwa barabara kwenye vumbi na miiba, safu ndefu. Mpare mmoja aliyekuwa anapita na mbuzi wake akasimama, akauliza bei. Akaambiwa haziuzwi. Akaenda mpaka mwisho wa safu, akarudi, akauliza tena bei. Baada ya muda magari madogo nayo yakaanza kusimama, watu wanashuka kuchagua, na mama wa Marangu akawa anawafukuza kwa kiatu.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, ubavu wa kushoto unasokotwa. Nampigia Daktari Prisko, simu inaita, haipokelewi. Jua likapita utosini. Nikaanza kuwatukana wenye televisheni kimoyomoyo, kisha kwa sauti. Kasto akanishika mkono akasema, "Ade, itaamka tu hiyo figo." Nikamwambia anyamaze, figo haijalala usingizi.

Stendi ya Moshi mpaka Kibosho: mkwe hapokelewi njiani

Stendi tulipokelewa na Baba Mkubwa Aloisi, kaka yake marehemu baba yangu, pamoja na dada yao, Shangazi Eufrasia. Baba Mkubwa ndiye mkuu wa ukoo wetu na ndiye dereva wa pikapu kuukuu la ukoo.

"Shikamoo Baba Mkubwa."

"Marahaba. Umekonda. Mkwe, karibu sana. Pandeni."

"Baba Mkubwa, mimi naenda hospitali."

"Hospitali haihami."

Nikapiga simu hospitalini. Nesi akapokea vizuri tu: daktari amenisubiri, nimechelewa, ameshapanda kwao Uru. Nije nilazwe, watamtafuta.

Baba Mkubwa alikuwa ametega sikio. "Atatafutwa na nani? Wa kumtafuta nao wamepanda. Mwanangu, huu ni mwezi gani? Unakwenda kumsubiri mtu mjini na yeye yuko juu huku anachinja? Nyumba yao naijua. Tutamfuata."

Nataka mnielewe: nilikubali. Mtu wa kunitoboa alikuwa mmoja, na alikuwa Uru. Nikaona hesabu ya mzee imekaa sawa. Kosa langu ni kudhani kwamba tunakwenda moja kwa moja.

Njiani nikaanza kumweleza ugonjwa ili amweleze daktari vizuri. Nilipofika kwenye neno hedhi Baba Mkubwa alisimamisha pikapu, akashuka, akalipiga teke tairi la mbele, akarudi. Nikaanza tena. Akashuka tena, akalipiga la nyuma. "Mambo ya akina mama hayo, mwambie Shangazi yako," akasema, na macho yake hayakutoka barabarani. Shangazi alikuwa anasali rozari.

Kibosho nikakuta mbuzi ameshafungwa mgombani na wazee wa ukoo wamekaa kwenye mabenchi. Tulifungia ndoa hapa Mbinga, kwa hiyo Kasto hajawahi kufika kwetu Desemba, na mkwe hapiti kwenye boma akaenda zake kabla hajachinjiwa. Nilisema nina maumivu. Nikaletewa kiti chenye mto. Nikasema figo yangu inakufa. Nikaletewa mtori, supu yetu ya ndizi. Kasto akapewa kisusio, akakinywa kiume, akapewa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, akaimaliza, na kwetu ukimaliza unajaziwa.

Ukafika wakati wa kugawa nyama. Kila kipande cha mbuzi kina mwenyewe: hiki cha mkubwa, hiki cha aliyechinja, hiki cha mashangazi. Shida ikawa moja, ukoo wetu haujawahi kuwa na mkwe Mmatengo. Mzee mmoja akasema apewe bega. Mwingine akasema bega ni la mkwe wa hapahapa mlimani, wa mbali apewe mbavu. Wa tatu akauliza Mbinga ni mbali kiasi gani. Wakaanza kuhesabu mikoa kwa vidole. Na Kasto wangu, mwanaume ambaye mpaka Chalinze alikuwa na akili timamu, akasimama na kata mkononi akatangaza kwamba yeye hajali kipande, anachotaka ijulikane ni kwamba kahawa ya Mbinga inaishinda ya Kibosho.

Nikasema basi, ndiyo nakufa leo. Kilichofuata kilikuwa mdahalo wa kahawa mpaka giza likaingia. Aliyeuvunja ni Shangazi Eufrasia. Alitoka jikoni na mwiko akapiga benchi. "Aloisi! Mtoto anakufa, na wewe umekaa unagawa mabega!"

Wakatawanyika kwa aibu. Ikaamuliwa tuondoke asubuhi kukipambazuka. Usiku ule nililala nimepiga magoti, kifua kitandani, ndivyo ubavu ulivyopata nafuu kidogo. Kasto alikoroma.

Kibosho mpaka Uru: mikono mitupu haiendi kwa watu

Asubuhi pikapu lilikuwa tayari, na nyuma yake kuna dumu kubwa la mbege na paja zima la mbuzi lililofungwa kwa majani ya mgomba. Nikauliza hivyo vya nini. Baba Mkubwa akanitazama kama mtu asiyelelewa. "Tunaingia boma la watu, mkesha wa Krismasi, mikono mitupu?"

Kasto kwa kuona haya ya jana alikuwa amevaa koti la suti, lile la harusi yetu. Akapanda nyuma kushika dumu lisimwagike.

Barabara ya kukatisha kwa juu kwenda Uru ilikuwa na matope na mawe, na kila penye jiwe mimi nilikuwa najishika ubavu na Shangazi anamtaja mtakatifu mwingine. Tena Desemba kila mtu yuko barabarani: wanaotoka kanisani, wanaokwenda kusaga, wenye magari mapya wanaosalimia ili magari yao yaonekane. Kila tukisimama wanauliza, "Mnakwenda wapi na heshima yote hiyo?" Jibu lilikuwa rahisi: tunampeleka mgonjwa. Lakini wangeuliza anaumwa nini, na Baba Mkubwa alishapiga matairi ya kutosha. Kwa hiyo kwa kila mmoja alijibu vilevile, kwa sauti nzito: "Tunakwenda Uru, kwa watu."

Sasa jamani. Wazee wawili wa ukoo, mmoja baba mkubwa, mmoja shangazi. Dumu la mbege. Paja la mbuzi. Mwanaume mgeni kavaa suti asubuhi, amekaa nyuma ya pikapu anatetemeka. Mchagga yeyote akiona hivyo hahitaji kuambiwa. Na simu siku hizi kila mtu anayo. Kabla hatujavuka mto wa mwisho, Uru walishajua kwamba posa inakuja.

Uru: sebuleni kwa watu

Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Viti vimepangwa pande mbili. Nikamwambia Kasto, "Waone watu walivyo na heshima, wametuandalia." Mama mzazi wa Daktari Prisko, Mama Yustina, alitupokea kwa vigelegele. Wazee wao walikuwa wamekaa tayari, wamevaa makoti. Kwenye dirisha la chumba cha kulala pazia lilikuwa linatikisika.

Nikafungua mdomo kumwulizia daktari, Shangazi akanibana paja. Hamsemi shida yenu kabla pombe haijaonjwa, na pombe haionjwi kabla ya salamu, na salamu ni habari za mvua, za ng'ombe, za marehemu wote wa pande mbili. Nilikaa upande mmoja wa tako. Dumu likafunguliwa. Mzee wao akaonja, akaonja tena, akampa jirani yake. Wakatikisa vichwa kwamba inafaa.

Mama Yustina akamkazia macho Kasto. "Kijana ni mtu wa wapi?"

"Mbinga, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Anafanya kazi gani?"

"Kahawa," Kasto akasema, na mimi nikafumba macho. Lakini safari hii hakuongeza neno.

"Anakunywa sana?"

Nikaona ajabu mama kuuliza hivyo kwa niaba ya daktari, ila nikadhani ni historia ya mgonjwa na wamekosea mgonjwa. Baba Mkubwa akajibu kwamba jana amekunywa kwa sababu ya ugeni tu, kwa kawaida ni mtu mtulivu, hajawahi kumpiga mtu. Wazee wakanong'ona. Hapo pazia likafunguka na dada mmoja mrefu, kiasi cha miaka thelathini, amevaa suruali na miwani, akatoka mpaka mlangoni. Alikuwa Flora, mdogo wake daktari, mfanyakazi wa benki, amekuja likizo. Akamtazama Kasto kuanzia viatu kwenda juu.

"Mimi simtaki huyu," akasema. "Nawaheshimu wazee wangu, lakini simtaki. Ni mzee."

Kasto akashika koti lake.

Kabla sijaelewa nini kinatokea, Shangazi Eufrasia akawa ameshasimama. Heshima ya ukoo imeguswa. "Humtaki kwa kipi? Mkwe wetu ana kasoro gani? Ana shamba, ana meno yote, jana amekunywa kisusio bila kukunja uso!"

"Mkwe wenu?" akauliza Mama Yustina. "Kwani ameshaoa?"

"Ameoa ndiyo! Mke wake si huyu hapa!"

Wote wakanigeukia. Mzee wao mmoja akaweka kata chini. "Yaani mmekuja kuposa mke wa pili, na wa kwanza mmemleta?"

Nawaambieni, mume wangu amekataliwa mbele yangu na mwanamke ambaye wala hakumposa, na nilichosikia kifuani ni hasira juu ya huyo mwanamke. Eti mzee! Lakini wakati huohuo ubavu ukanikamata vibaya, nikashindwa kukaa, nikasimama nimeinama, na maneno yakatoka yenyewe.

"Hakuna anayeposa! Mimi ndiye mgonjwa! Nina ugonjwa wa hedhi. Hedhi! Damu yangu ya mwezi inatoka mahali pasipo pake, imeziba mrija wa mkojo, na figo yangu ya kushoto inakufa hapa nimekaa wakati ninyi mnaonja pombe. Nimetoka Mbinga kumtafuta daktari. Yuko wapi daktari?"

Baba Mkubwa alitazama huku na huku, na bahati mbaya pale uwanjani hapakuwa na tairi.

Mama Yustina alinijia. Alinishika mabega, akaniambia polepole, kwa mimi tu, "Mimi pia nilikuwa nabiringika sakafuni kila mwezi. Waliniambia nitapona nikizaa. Nimezaa sita, mwanangu. Nilikuwa nabiringika huku nanyonyesha." Kisha akageukia nyuma ya nyumba, akaita kwa sauti ambayo nadhani Kibosho waliisikia: "Priskooo!"

Ndivyo nilivyokutana na bingwa wangu. Alitokea kwenye kona ya banda la ng'ombe, amevaa gambuti, kisu mkononi, damu ya mbuzi mpaka kwenye viwiko. "Mgonjwa ni yupi?" Kasto akanyoosha kidole kwangu na akarudi nyuma hatua moja.

Daktari alinawa kwa sabuni ya kufulia, muda mrefu, kidole kimoja kimoja. Akanigonga kidogo mgongoni chini ya mbavu za kushoto. Niliruka. Akaacha kutabasamu.

"Wewe ndiye mwalimu wa Mbinga. Nilikusubiri. Simu nimeiacha ndani tangu jana." Akamgeukia mama yake. "Nyama mtagawa wenyewe. Tunashuka sasa hivi."

Uru mpaka wodini: koo mbili, pikapu moja

Tulishuka kwa gari lake, mimi nimelala kiti cha nyuma. Nyuma yetu likaja pikapu na Baba Mkubwa, na ndani yake Mama Yustina na wazee wake wawili, maana mbege ilishaonjwa na huwezi kuonja pombe ya watu ukawaacha na matatizo yao. Flora naye alikuja. Kwenye utelezi pikapu likazama matopeni, na kupitia kioo cha nyuma nikamwona Kasto na Flora wanalisukuma bega kwa bega, yeye ndani ya suti ya harusi yetu, wote wawili matope mpaka kwenye nyusi. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile nikamhurumia huyo dada.

Garini daktari aliniambia ukweli. "Nitakutoboa mgongoni, niingize mrija mdogo mpaka kwenye figo. Utatoka mkojo mwingi mara moja. Usishangilie huo, ni wa zamani, umetuama tu. Tutaumwaga. Tunachosubiri ni wa pili. Ukija mpya, figo inafanya kazi, na baada ya Krismasi nitakufungua nisafishe hayo makovu, nitoe kipande cha mrija kilichokabwa, niupandikize upya kwenye kibofu. Usipokuja mpya, nitaitoa figo. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Hospitalini nililala kifudifudi, nikachomwa ganzi, nikausikia mrija unasukumwa bila maumivu, ila kwa kero ya ajabu. Ukatoka wa zamani, mwingi, mchafu. Nesi akaumwaga, akafunga mfuko mtupu kwenye ukingo wa kitanda, akaondoka.

Yaliyofuata baada ya sikukuu mnayajua: nilipasuliwa, mrija ukapandikizwa, nimerudi na kovu na masharti, na ugonjwa wenyewe bado nauchunga kwa dawa. Lakini nikiulizwa safari yangu iliishia wapi, najibu ni pale, alasiri ile, naukodolea macho mfuko mtupu.

Muda ukapita. Kwenye mrija palikuwa na uzi wa damu tu, umesimama. Kasto akaingia, akatazama mfuko, akatoka. Akaingia tena. Hakuwa na utani tena. Alikaa chini sakafuni na suti yake ya matope, akanishika vidole vya mguu, na mimi nikamwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia: kwamba ninaogopa. Akasema, "Na mimi."

Saa ya kuona wagonjwa ilipofika akaja Baba Mkubwa, kofia mkononi. Akakaa kwenye kiti, akaangalia dirisha, akaangalia dari, akaangalia kila kitu wodini isipokuwa mfuko. Akaniuliza kama nimekula. Akaniambia habari za ng'ombe. Halafu nikamwona macho yake yameshuka ubavuni mwa kitanda na hayatoki.

Alipiga goti. Akaushika mfuko kwa mikono miwili, akauinua kidogo kuelekea kwenye mwanga. Chini yake palikuwa na kitu. Kidogo, cha kujaza kifuniko cha chupa, cha rangi ya chai hafifu. Tone likashuka mbele ya macho yetu. Tukasubiri. Likashuka lingine.

Nesi akaja, akaangalia, akampigia daktari, akanirudia anacheka. "Ni mpya huu, dada. Inafanya kazi."

Baba Mkubwa akainuka. Mzee huyu asiyeweza kusikia neno la akina mama bila kushuka garini alitoka mpaka koridoni, akatoa simu, akapiga Kibosho, na kwa kuwa mtandao wa kwetu si mzuri alipaza sauti. "Mtoto anakojoa! Nasema anakojoa! Figo ya kushoto! Hapana, siyo mtoto mchanga, Adelina! Ule ugonjwa wa hedhi, ndiyo, hedhi, waambie wote walioko hapo, figo imeamka!"

Kule koridoni Shangazi Eufrasia akaanza kupiga vigelegele, Mama Yustina akadakia, na hata Flora nikamsikia. Vikajaa wodi nzima, wagonjwa wengine wakainuka kwenye mito wakiuliza nani kajifungua. Kasto alikuwa analia ameficha uso kwenye shuka langu. Nesi akakimbilia mlangoni kuwanyamazisha, maana ni hospitali. Nikamwomba awaache kidogo. Tangu siku ya harusi yangu hakuna mtu aliyewahi kunipigia mimi vigelegele.